SIMU YA CASILLAS: Nani ataipiga Taifa Stars?

Kaa jukwaa lolote pale kwa Mkapa siku Taifa Stars inacheza, haziishi dakika ishirini utaisikia. Winga wa Simba kapata mpira, straika wa Yanga kanyoosha mkono anaomba, mpira umepelekwa upande mwingine. Basi, imetosha. Jamaa wa nyuma yako anasimama: "Umeona? Kamnyima! Hawezi kumpa yule, mambo ya Kariakoo hayo." Wa pembeni yake, ambaye chini kavaa jezi ya Stars na juu kofia ya kijani, hawezi kunyamaza. Ugomvi unaanza hapohapo, na Stars bado inashambulia.

Mara nyingi jamaa anakosea. Ukirudia picha utaona winga alikuwa na beki mbele ya macho, hakumuona mwenzake kabisa, au alimuona lakini njia ya pasi ilikuwa imezibwa. Mchezaji mwenye akili timamu hawezi kukataa asisti kwa sababu ya rangi ya jezi anayovaa mwenzake Jumamosi nyingine.

Lakini swali la jamaa si la kijinga hata kidogo. Limeumiza vichwa vya mataifa makubwa kuliko sisi. Linasema hivi: watu ambao mwaka mzima wamefundishwa kushindana, wanaambiwa na mashabiki wao kwamba yule wa upande wa pili ni adui, unawafanyaje wawe timu moja ndani ya siku tisa au kumi za kalenda ya FIFA?

Na 2027 AFCON inakuja nyumbani, sisi na Kenya na Uganda. Safari hii hakutakuwa na kisingizio cha hali ya hewa wala safari ndefu.

SIKU 18 ZILIZOTAKA KUIVUNJA HISPANIA

Tuanze na Hispania, kwa sababu watu wengi wanakumbuka makombe yao na wanasahau jinsi yalivyokaribia kuwaponyoka.

Fainali ya Kombe la Dunia 2010 kule Johannesburg, ukiangalia kikosi kilichoanza dhidi ya Uholanzi, Barcelona walikuwa na Piqué, Puyol, Busquets, Xavi, Iniesta na Pedro, na David Villa alikuwa ameshasaini kwenda hukohuko miezi michache nyuma. Real Madrid walikuwa na Casillas golini, Sergio Ramos na Xabi Alonso. Joan Capdevila wa Villarreal ndiye peke yake aliyekuwa nje ya ugomvi. Yaani ile ilikuwa dabi imevaa jezi moja. Iniesta akafunga kwenye muda wa nyongeza, wakabeba kombe.

Msimu uliofuata José Mourinho akatua Madrid, na upande wa pili alikuwepo Pep Guardiola. Kati ya Aprili 16 na Mei 3 mwaka 2011, timu hizo zikakutana mara nne. Ligi, fainali ya Kombe la Mfalme, na mechi mbili za nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mechi nne ndani ya siku 18. Ebu fikiria Simba na Yanga wakutane mara nne ndani ya siku 18, Kariakoo ingekuwaje? Duka lingefunguliwa?

Kadi nyekundu zikatoka, wachezaji wakatuhumiana kujiangusha, makocha wakarushiana maneno kwenye mikutano na waandishi. Agosti mwaka huohuo wakakutana tena kwenye Super Cup ya Hispania. Mechi ya marudiano pale Camp Nou, Barcelona walishinda 3-2, lakini watu wanaikumbuka kwa vurugu za mwishoni. Marcelo alimchezea Cesc Fàbregas rafu mbaya mbele ya mabenchi, watu wakamwagika uwanjani, na Mourinho akaonekana akimtia kidole jichoni Tito Vilanova, msaidizi wa Guardiola.

Sasa weka picha. Wale waliokuwa wakisukumana usiku ule ndio mabingwa wa dunia. Baada ya muda mfupi wanatakiwa wakutane kambini, wale meza moja, wapande basi moja. Iker Casillas ni nahodha wa Real Madrid na nahodha wa Hispania. Carles Puyol ni nahodha wa Barcelona na yeye ndiye beki anayecheza mbele ya Casillas timu ya taifa. Xavi ndiye roho ya kiungo.

Casillas akachukua simu. Akampigia Xavi, akampigia Puyol. Wakayamaliza.

Hao hawakuwa wageni kwa wenzao. Casillas na Xavi walikuwa kwenye kikosi cha vijana cha Hispania kilichobeba Kombe la Dunia la chini ya miaka 20 hapa hapa Afrika, Nigeria, mwaka 1999. Walikuwa wanajuana tangu utotoni. Hata hivyo ugomvi wa klabu ulikuwa umefika pabaya kiasi kwamba urafiki wa miaka zaidi ya kumi ulihitaji simu ili upone.

Miezi kama kumi baadaye, Julai 1, 2012, Hispania ikaipiga Italia 4-0 pale Kyiv kwenye fainali ya Euro. Mashindano mazima waliruhusu bao moja tu, la Italia kwenye mechi ya kwanza. Puyol alikuwa majeruhi, hakwenda. Mabeki wa kati walikuwa Ramos wa Madrid na Piqué wa Barcelona, watu wawili ambao kurushiana vijembe hadharani kwao ilikuwa kama kifungua kinywa. Hawakulazimika kupendana. Lakini mmoja akipanda kuruka, mwingine alikuwa anajua arudi wapi.

KUELEWANA SIYO KUPENDANA

Hapa ndipo naona tunachanganya mambo kwenye vijiwe vyetu. Tukisema "timu haina umoja" tunamaanisha wachezaji hawapendani. Tunaangalia nani kapiga picha na nani, nani kamposti nani kwenye siku yake ya kuzaliwa. Hayo ni ya pembeni.

Angalia daladala. Dereva na konda wanaweza kuwa wamegombana tangu asubuhi kwa ajili ya hesabu ya bosi, lakini konda akigonga bodi dereva anajua kama ni "shusha" au "twende". Hageuki kuuliza. Kama angekuwa anageuka kuuliza kila kituo, wasingemaliza hata trip mbili. Huko ndiko kuelewana ninakokusema.

Uwanjani ni hivyohivyo, ila muda ni mfupi zaidi. Chukua mstari wa mabeki wanne wanaocheza mtego wa kuotea. Mpira ukirudishwa nyuma na mpinzani, au mpinzani akiupokea akiwa amelipa goli mgongo, mstari unapanda. Wanne, kwa pamoja. Watatu wakipanda na mmoja akabaki hatua mbili nyuma, wale watatu wamefanya kazi ya bure na straika yuko huru. Kwenye marudio ya televisheni utaona beki aliyebaki ndiye anaonekana mjinga, au wale watatu wananyoosha mikono kumlilia mshika kibendera. Kosa halisi lilifanyika siku nne nyuma mazoezini, pale ambapo hakuna aliyesema nani anatoa amri ya kupanda na anaitoa kwa neno gani.

Kona ndiyo balaa zaidi. Klabu moja inakaba kwa maeneo, kila mtu na kiboksi chake. Nyingine inakaba mtu na mtu. Ukimchukua beki wa klabu ya kwanza na beki wa klabu ya pili ukawaweka pamoja bila kuwaweka sawa, mmoja anasubiri mpira uje kwenye eneo lake, mwingine anamfuata mtu wake, na katikati yao kuna pengo linalotosha kuegesha bajaji. Wote wawili wako sahihi kwa walivyofundishwa, na bao limeingia.

Nimeyaonja mwenyewe kwa kiwango changu kidogo. Mechi ya ndondo, mimi beki, golini yupo kijana ambaye tulikuwa tumekutana saa hiyohiyo. Krosi ikaja, nikasikia nyuma yangu "Acha!" Nikaacha. Kumbe mwenzangu alimaanisha niache kusubiri, niupige. Kwao mtaani "acha" ndiyo hivyo. Mpira ukadunda katikati yetu, straika wao akaugusa tu. Tulitazamana kila mmoja akiwa na hakika kabisa kwamba mwenzake ni mwehu.

YANGA YA LUGHA SABA

Ukitaka kuona kazi hii ikifanyika vizuri huna haja ya kwenda Ulaya. Yanga ya msimu wa 2022/23 ilikuwa darasa.

Golini Djigui Diarra kutoka Mali. Djuma Shaban, Joyce Lomalisa, Yannick Bangala na Fiston Mayele kutoka DR Congo. Khalid Aucho Mganda. Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso, Kennedy Musonda wa Zambia. Halafu Bakari Mwamnyeto, Dickson Job, Ibrahim Bacca na Mudathir Yahya, Watanzania wa Bara na Visiwani. Kocha Nasreddine Nabi, Mtunisia. Kifaransa, Kilingala, Kiingereza, Kiarabu, Kiswahili cha Kongo, Kiswahili cha kwetu, na kile cha Unguja ambacho wenyewe watakuambia ndicho chenyewe.

Kikosi hicho kilikuwa kimetoka kwenye rekodi ya mechi 49 za ligi bila kupoteza, hadi Ihefu walipoikata kwa 2-1 kule Mbarali Novemba 2022. Halafu wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mayele akamaliza mashindano akiwa na mabao saba.

Nani aliwaunganisha? Nabi ana sehemu yake kubwa. Lakini kuna jambo ambalo nadhani hatulipi uzito: wale watu walicheza pamoja wiki hadi wiki. Diarra hakuhitaji kutoa hotuba. Maneno ya uwanjani si mengi, hayafiki kumi: "kuna mtu", "peke yako", "yangu", "toka", "panda", "rudi". Ukiyajua hayo na ukajua sauti ya anayeyasema, umemaliza. Mtu wa Bamako anaweza kujifunza hayo wiki ya kwanza. Kinachochukua muda ni kuamini kwamba mwenzako akisema "peke yako" kweli uko peke yako.

Na bado hata wao waliteleza, na waliteleza siku ambayo kosa lilikuwa ghali kuliko zote. Mei 28, 2023, kwa Mkapa, mkondo wa kwanza wa fainali dhidi ya USM Alger. Waarabu wametangulia kipindi cha kwanza. Dakika ya 82 Mayele anasawazisha, uwanja unatetemeka. Dakika ya 84 Islam Merili anafunga la pili.

Dakika mbili tu.

Nilivyoiona mimi, na mtu anaruhusiwa kunipinga, baada ya bao la Mayele kulikuwa na timu mbili ndani ya jezi moja. Nusu ilisikia kelele za jukwaani ikataka la ushindi palepale. Nusu ilitaka kutuliza, ichukue 1-1 iende nayo. Mawazo yote mawili yalikuwa halali. Tatizo ni kuyafanya yote mawili kwa wakati mmoja. Wiki iliyofuata kule Algiers walikuwa timu moja kwelikweli: Shaban akafunga penalti mapema kabisa, Diarra akapangua penalti ya Waarabu, wakashinda 1-0 kwenye uwanja ambao wengi walitabiri watakula nyingi. Jumla 2-2. Kombe likabaki Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini. Zile dakika mbili za kwa Mkapa ndizo zilizoamua kila kitu.

STARS: LESOTHO, UGANDA, KISHA KENYA

Turudi kwenye Stars. Novemba 2018 tulifungwa 1-0 na Lesotho kule Maseru. Wenye kumbukumbu wanajua mitandao ilivyowaka. Wachezaji wa Simba waliambiwa wamechoka, wa Yanga wakaambiwa hawana viwango, wanaocheza nje wakaambiwa wanaogopa kuvunjika. Kila mtu alipata sehemu yake.

Miezi minne baadaye, Machi 24, 2019, timu hiyohiyo chini ya Emmanuel Amunike ikaipiga Uganda 3-0 kwa Mkapa, na tukarudi AFCON baada ya miaka 39. Waliofunga ni Simon Msuva, aliyekuwa Difaâ El Jadida ya Morocco baada ya kutoka Yanga. Erasto Nyoni wa Simba kwa penalti. Na Aggrey Morris wa Azam. Ukikaa ukaangalia orodha ile unaona kama mtu kaipanga makusudi. Siku ile hakuna aliyeuliza nani kamnyima nani.

Halafu Cairo. Juni 27, mechi na Kenya, ndugu zetu, mechi ambayo tuliona ndiyo yetu. Msuva akafunga mapema. Michael Olunga akasawazisha dakika ya 39, na dakika moja tu baadaye Mbwana Samatta akaturudisha mbele. Mapumziko 2-1. Ukiongoza hivyo una mambo mawili ya kuchagua: unaendelea kumsukuma mpinzani, au unashuka na kumngoja umpige kwa kushtukiza. Tuliishia katikati. Washambuliaji wakabana juu, mabeki wakabaki chini, na katikati pakawa barabara ya Harambee Stars. Johanna Omolo akasawazisha, Olunga akamaliza dakika ya 80. Tukalala 3-2.

Mimi siamini kwamba tulikosa vipaji siku ile. Kikosi kile kilikuwa na nahodha aliyekuwa ametoka kuwa bingwa wa Ubelgiji na Genk. Tulikosa jibu la swali moja dogo: sasa tunaongoza, tunafanya nini? Nahodha anaweza kuwa na jibu lake, beki wa kati lake, kocha anapiga kelele lake na vuvuzela zinammeza. Jibu linatakiwa liwe limeshatolewa hotelini, siku mbili kabla, mbele ya watu wote, na aliye na wasiwasi awe ameshauliza.

MACHI ILE, NA AGOSTI ILE

Kwa wanaodhani ugomvi wa klabu hauna nafasi kwenye habari hii, nawakumbusha mwaka 2025. Machi 8 Dabi ya Kariakoo haikuchezwa. Simba walisema walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni ya siku iliyotangulia, wakatangaza hawatacheza, mechi ikaahirishwa, Yanga wakasema hawachezi tena mechi hiyo. Vikao, barua, taarifa kwa umma, vijembe vya wasemaji. Kabla ya mwezi huo kuisha, wachezaji wa klabu hizohizo walikuwa Morocco pamoja, wamevaa jezi ya taifa, wakicheza kufuzu Kombe la Dunia. Tulifungwa 2-0. Sisemi tulifungwa kwa sababu ya dabi, Morocco ile ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022 na inaifunga timu yoyote. Nasema tu kwamba ndege ile ilikuwa na watu ambao wiki mbili nyuma mabosi wao walikuwa hawasalimiani.

Dabi ikachezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Wiki tano na ushee baadaye CHAN ikaanza hapa nyumbani, kikosi cha wachezaji wa ndani tu, yaani Simba, Yanga, Azam na wengine wachache. Kwa mazingira yale mtu angetarajia vita kambini.

Wakatoka wakaipiga Burkina Faso 2-0, Abdul Suleiman 'Sopu' wa Azam na Mohamed Hussein 'Tshabalala', ambaye katika dirisha hilohilo la usajili alitoka Simba alikokuwa nahodha akaenda Yanga. Hebu fikiria hilo peke yake, kukaa chumba kimoja cha kubadilishia nguo wakati mashabiki huko nje wanachoma jezi yako. Mechi iliyofuata Shomari Kapombe wa Simba akaiua Mauritania dakika za mwisho kabisa. Kisha Clement Mzize wa Yanga akaifunga Madagascar mbili. Tulimaliza vinara wa kundi tukiwa tumefungwa bao moja tu kwenye mechi nne, na kwa mara ya kwanza tukavuka makundi. Robo fainali tukatolewa na Morocco, 1-0.

Kocha alikuwa Hemed Suleiman 'Morocco', mtu ambaye hana makeke. Faida yake kubwa, kwangu, ni muda. Kikosi cha ndani unakaa nacho kambini wiki kadhaa, hukipokei uwanja wa ndege Jumatatu ukacheza nacho Ijumaa. Na faida ya pili ni kwamba nyuma alikuwa na watu ambao wanacheza pamoja klabuni mwaka mzima. Dickson Job na Bacca wameshamaliza mazungumzo yao siku nyingi. Kocha wa taifa anayepata jozi kama hiyo amepata mtaji wa bure, ndiyo maana huwa nashangaa tukianza kelele za "mbona mabeki wote wa Yanga" au "mbona viungo wote wa Simba". Hispania ya 2010 kiungo chake kilijazwa na Barcelona na hakuna aliyelia.

WAINGEREZA WALIOKAA MEZA TOFAUTI

Upande wa pili wa shilingi ni Uingereza. Kizazi kile cha Gerrard, Lampard, Ferdinand, Terry, Scholes, Rooney, Beckham. Kwa majina tu kilitosha kubeba chochote. Kombe la Dunia 2002 robo fainali. Euro 2004 robo fainali, penalti. Kombe la Dunia 2006 robo fainali, penalti tena. Euro 2008 hawakufuzu kabisa, Croatia waliwafunga 3-2 palepale Wembley.

Wenyewe wamestaafu na sasa wanasema. Ferdinand ameeleza kwamba yeye na Lampard walikua pamoja West Ham, marafiki, lakini mmoja alipokuwa Manchester United na mwingine Chelsea wanagombea ubingwa, mazungumzo yakakatika. Gerrard naye amekiri kwamba kambini watu walikaa kwa klabu, wa Liverpool huku, wa United kule, na kwamba hawakuwahi kuwa timu. Ferdinand anatoa sababu ambayo ukiisikiliza ina akili: kama nikimzoea, nikamwambia yangu, atakwenda kuyatumia dhidi yangu kwenye ligi.

Ndiyo hofu hiyohiyo iliyopo hapa, tusidanganyane. Beki wa Simba akimwambia mwenzake wa Yanga "mimi nikigeuzwa upande wa kushoto nachelewa, nifunike", amempa silaha ya dabi ijayo. Lakini asipomwambia, winga wa Nigeria au wa Senegal atagundua mwenyewe dakika ya kumi, na hakutakuwa na mtu wa kufunika.

Na anayevunja hofu hiyo analipa. Casillas alilipa. Kwa baadhi ya watu wa Madrid simu ile ilikuwa usaliti, kwamba nahodha wao kaenda kuomba msamaha kwa Barcelona. Haikuwa siri kwamba Mourinho hakuifurahia. Mwaka 2012 Casillas na Xavi walipewa kwa pamoja tuzo ya michezo ya Mwanamfalme wa Asturias, moja ya heshima kubwa Hispania, kwa ajili ya urafiki wao. Desemba mwaka huohuo Mourinho akamweka Casillas benchi kwenye mechi ya ligi dhidi ya Málaga, na nafasi yake golini pale Madrid haikuwahi kuwa salama tena kama zamani. Wapo waliounganisha mambo hayo mawili, wapo waliosema ni kiwango tu. Mwaka 2015 akaondoka kwenda Porto.

Sasa mlete mtu huyo Dar es Salaam. Nahodha wa Yanga anampigia simu nahodha wa Simba usiku wa dabi, wiki moja kabla ya kambi, anamwambia mzee, yale ya leo yaishe, tuna kazi. Kesho yake habari imevuja. Jangwani watasema kauza mechi. Msimbazi watasema anaogopa. Wasemaji wa klabu watapata maudhui ya wiki nzima, na sisi waandishi, niwe mkweli, tutaipa kichwa cha habari kikubwa.

Kwa hiyo kama kuna mchezaji ameshaipiga simu hiyo na sisi hatujui, akae nayo hivyohivyo. Namba za kuvaa mgongoni zitatoka siku ya kutangazwa kikosi, na jamaa wa jukwaani na kofia yake ya kijani watakuwa palepale nyuma yangu, wanahesabu nani kampa nani.